Wavu Haubebi Wawili

Kijijini kwao mtu akianguka kutoka juu ya mti, akipigwa pembe na nyati wa kulimia, au akigongwa na baiskeli ya mlevi mwenziwe, kwanza alipelekwa zahanati, halafu alipelekwa kwa mwanamke aitwaye Khampan. Zahanati walishughulikia mwili. Khampan alishughulikia roho. Roho ya mtu ni nyepesi. Mwenyewe akishtuka sana humtoka, ikabaki palepale alipoangukia, naye akarudi nyumbani ganda tupu. Chakula hali, usingizi hapati, ukimwita haitiki mpaka umwite mara ya tatu.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Khampan alichukua wavu mdogo wa mpini, uleule ambao wanawake wa pale huchotea kamba na vidagaa kwenye mitaro ya mpunga, akaenda hadi mahali pa tukio na yai la kuchemsha, tonge la wali wa kunata na nguo ya aliyeanguka. Aliweka nguo ndani ya wavu, akachota hewa karibu na ardhi huku akiita jina. Mkono wake ukishahisi uzito, aliukunja wavu mdomo, akaurudisha nyumbani bila kugeuka nyuma, na kumfunga mgonjwa uzi mweupe wa pamba mkononi. Alirithi kwa mama yake. Watu walimtania, "Wenzako wanavua kamba, wewe unavua watu." Naye aliwajibu kwamba afadhali kamba, wao ukishawavua unawala, watu wakishapona hata salamu hawakupi.

Basi msimu wa miwa wa mwaka jana mwanawe wa pekee, Saeng, alikufa barabarani, na tangu siku hiyo Khampan hakuushika tena wavu. Waliompelekea wagonjwa walikuta mlango umerudishwa.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga, kama ajali nyingi za barabara ile. Lori la miwa liliharibika, dereva akaliacha kando ya lami giza likiingia, bila taa, bila hata tawi la mti nyuma yake la kuwaonya wenzake. Saeng na rafiki yake Phon walikuwa wanatoka mjini kutazama mpira. Phon ndiye aliyeendesha pikipiki. Alipoliona lori alikwepa, na kweli alikwepa, ila miwa iliyotokeza ubavuni ikamkumba aliyekaa nyuma. Phon aliangukia mtaroni akavunjika mkono. Saeng alibaki juu ya lami, na watu walipofika alikuwa ameshakata roho.

Sasa ujue kwamba mama yake Phon, Bualai, hakuwa jirani tu kwa Khampan. Wawili hao waliolewa msimu mmoja, wakashika mimba pamoja, na Khampan alipopata homa ya uzazi ni Bualai aliyemnyonyesha Saeng kwa titi la pili huku Phon akivuta la kwanza. Watoto walikua wakila nyumba yoyote iliyowahi kupika. Lakini msiba ukija hauulizi mliishije. Siku ya kuchoma maiti, Phon alikuja hekaluni na mkono wake umefungwa plasta, akapiga magoti mbele ya Khampan, na Khampan akamtazama akamwambia mbele za watu, "Saeng amekwenda. Wewe umebaki kufanya nini? Kaa kulekule ulikomwacha mwenzako."

Ulimi hauna mfupa. Bualai alimwinua mwanawe akaondoka naye kabla moto haujawashwa, na nyumba hizo mbili hazikusemezana tena.

Mwaka ukazunguka, malori ya miwa yakaanza kupita upya. Asubuhi moja Khampan alikuwa uvunguni mwa nyumba yake iliyosimama juu ya nguzo akitwanga pilipili, akasikia mtu anaita kutoka langoni.

"Mama Saeng! Upo?"

Mchi ulisimama. Hakuna aliyemwita hivyo tena. Baada ya msiba watu hawakujua wamwiteje. Wengine walisema dada, wengine shangazi, wengine walikohoa tu mpaka awaone.

"Huyo hayupo," akasema. "Unamtaka nani?"

"Nakutaka wewe," alisema Bualai.

"Mimi ndiye huyu. Ukikaa, kaa. Ukisimama, simama."

Bualai alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Alikuwa amekonda, na sarong yake, nguo ya kujifunga kiunoni, aliifunga ovyo, yeye ambaye zamani alikuwa akiwacheka wanawake wasiojua kufunga nguo. Khampan aliona hayo yote na akajilazimisha kutoyajali.

"Phon anaisha," alisema Bualai.

"Anaishaje? Mkono si umeunga?"

"Mkono umeunga. Mwenyewe hayupo. Lori likipita kule anachuchumaa anaziba masikio, mtu mzima na ndevu zake. Juzi nilimpa tonge la wali, akalishika mkononi mpaka likakauka kama jiwe. Roho yake iko kule, Mama Saeng. Na wewe unajua."

"Kuna mwanamke anachota, kijiji cha ng'ambo ya mto. Nenda kwake."

"Nimekwenda. Alichota mara mbili, wavu ukarudi mtupu. Akaniuliza, roho hii nani aliyeikataza kurudi? Maana kuna mtu aliiambia ikae." Bualai hakuinua sauti. "Sikukutaja. Nilimlipa ndizi zake nikarudi."

Khampan alishika mchi kama mtu anayetaka kuendelea kutwanga, lakini hakutwanga.

"Wako akichuchumaa unamwona anavyochuchumaa," alisema. "Asipokula unaona hajala. Wangu mimi namwona wapi, Mama Phon?"

"Sikuja kushindana uchungu nawe."

"Basi ulikuja kufanya nini?"

"Kuomba. Nikiwa kwangu namwomba Buddha mwanangu apone, na papo hapo naona haya kwamba anapumua. Unajua haya ya namna hiyo? Mtoto anakohoa chumbani, unafurahi kwamba anakohoa, halafu unakumbuka nyumba ya pili kimya." Bualai alisimama. "Nimeomba. Haya, mimi nakwenda."

Hakuwa amefika mbali pale Bibi Hom alipotokeza kwenye ua wa upande wa pili. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, meno mekundu kwa tambuu, mdomo haujawahi kufungwa.

"Nilikuwa nachuma mboga, sikusikia kitu," alisema, maana yake alisikia kila neno. "Lakini nikuulize, Khampan. Yule kijana akifa, utalala vizuri?"

"Sasa hivi nalala vizuri, Bibi?"

"Hulali. Nasikia unavyozunguka huko juu mpaka mbao zangu zote zinatetemeka, na nyumba si yangu hata. Ndiyo nakuuliza, akifa na huyu utazunguka wapi? Utahitaji nyumba kubwa zaidi."

Khampan aliuweka mchi chini, akasema atakwenda. Bibi Hom alitema tambuu kwa furaha, akakimbia, kwa jinsi mbio zake zilivyokuwa, kumrudisha Bualai.

Lakini tuseme ukweli. Khampan hakukubali kwa ajili ya Phon. Neno la yule mchotaji wa ng'ambo lilikuwa limemgusa kwingine kabisa: roho ikiambiwa ikae, inakaa. Saeng hakuambiwa na mtu yeyote aende. Yeye mama yake hakumuaga. Alipigiwa simu, akakuta maiti imeshaondolewa barabarani, akalia siku zote za msiba bila kufungua kinywa kwa maana. Huenda basi Saeng naye bado yuko palepale kando ya lami, anangoja apate wa kumchukua. Akili yake iling'ang'ania hapo na haikutoka. Alijua vizuri kwamba maiti hachotwi. Aliyekufa akichotwa anakaa uvunguni, hazaliwi tena, analia kwenye ngazi watu wakila, na mwaka baada ya mwaka anamsahau hata aliyemleta. Mama yake alimwambia hayo kabla hajamkabidhi wavu. Yote alijua, na bado alichukua shati la bluu la Saeng ambalo hakulifua, akalificha kifuani chini ya nguo. Mwana uvunguni, hata akiwa analia, alimwona ni bora kuliko kutokuwa na mwana.

Walikwenda siku ya pili jua lilipopungua makali, wanawake watatu kwa miguu, maana roho iliyochotwa hairudishwi kwa gari. Bualai alibeba kikapu: yai, tonge, ndizi, fulana ya Phon. Bibi Hom alibeba mdomo wake. Walivuka daraja la mfereji, wakapita kwenye mikaratusi, malori yakiwapita yamejaa hadi juu, miwa ikifagia majani ya kando ya barabara. Kila lori likipita Bualai alifumba macho.

Khampan hakuwahi kufika mahali penyewe. Alidhani hatapatambua, lakini alipatambua kwa mbali, kwa sababu chini ya mkaratusi mmoja palikuwa na taji la maua mabichi na chupa za soda nyekundu, kila moja na mrija wake, nyingine zimepauka kwa jua, moja bado imejaa.

"Nani anamlisha mwanangu?" aliuliza.

Bibi Hom, kwa mara ya kwanza tangu watoke, alinyamaza.

"Mimi," alisema Bualai. "Kila siku takatifu. Wewe hukuwa unakuja, nikasema atakaa na kiu. Nyekundu ndiyo aliyoipenda, akija kwangu aliimaliza akamwachia Phon chupa." Halafu akaongeza, kama anayeomba radhi, "Sikukuambia kwa sababu ungenikataza."

Angemkataza, ni kweli. Khampan alihisi wivu mkali, wivu kabisa, kwamba mwaka mzima mwanawe alikuwa na mama huku barabarani na mama huyo hakuwa yeye. Alimgeuzia Bualai mgongo. Akapiga magoti penye ukingo wa lami, akatoa shati la bluu kifuani, akaliweka ndani ya wavu, na kabla hajakatazwa akachota.

"Saeng," aliita. "Saeng, njoo. Mama amekuja. Saeng, twende nyumbani."

"Khampan!" Bibi Hom alimpigia kelele. "Umerukwa na akili? Maiti hachotwi! Tupa hilo shati! Utamfanya mwanao ombaomba wa milele!"

"Saeng, njoo."

"Mama Phon, mnyang'anye wavu! Wavu haubebi wawili, akimchukua huyu, wako ndiyo basi!"

Bualai alikuwa amesimama na fulana ya Phon mikononi. Uso ulimbadilika, na Khampan, aliyekuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, alikaza mkono kwenye mpini akingoja kunyang'anywa. Alikuwa tayari kupigana. Lakini Bualai aliikunja fulana vizuri akairudisha kikapuni. Akaja akapiga magoti kando yake.

"Mwache, Bibi," alisema. Kisha naye akainamia lami. "Saeng, mwanangu. Njoo, baba. Unaitwa na mama yako. Usiogope, ingia."

Waliita pamoja, sauti mbili zilizowahi kuwaita wale watoto kuoga, kula, kuacha kuchezea matope. Mkono wa Khampan ulihisi uzito. Ulikuja taratibu kama ulivyokuja siku zote, kuanzia kwenye mpini hadi kwenye kiwiko, na alijua, kwa jinsi mtu anavyojua uzito wa mwanawe mwenyewe amelala begani, kwamba si wa mtu mwingine.

Aliukunja wavu mdomo. Alichotaka alikuwa nacho. Kilichobaki ni kuinuka na kwenda, na Bualai wala asingemzuia. Alikuwa bado amepiga magoti, machozi yakimdondoka juu ya lami, na hakuwa ametaja jina la Phon hata mara moja.

Khampan hakuweza kuinuka. Alimwona Saeng uvunguni, amekaa kwenye ngazi ya chini, anaangalia watu wakila. Akamwona na yule mwingine ameshika tonge mkononi mpaka linakauka. Wote wawili, kila mmoja na ngazi yake, na mama wawili juu wanasikiliza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na siku zote alilichukua neno hilo kana kwamba lilitungwa kwa ajili yake peke yake.

Alianza kulia, si kilio cha msibani cha kusikilizwa na watu, bali cha chini chini.

"Saeng," alisema kwenye wavu. "Mama yako mchoyo. Nilitaka nikufiche nyumbani uzeekee hapo huku wenzako wanazaliwa. Sikukuaga. Nilikasirika, ndiyo maana sikukuaga. Sasa sikiliza. Hukukosea kitu. Ulikuwa mtoto mzuri, mvivu kidogo asubuhi, lakini mzuri. Nenda. Ukiona mwanamke mwenye tumbo na sura ya huruma, ingia hapo. Angalia wawe watu wenye gari, usije ukazaliwa tena kwa watu wa pikipiki."

Bibi Hom alicheka akiwa analia, akajifuta pua kwa kiganja.

Khampan alifungua mdomo wa wavu, akaugeuzia mashambani, akautikisa. Shati la bluu lilianguka kwenye majani. Wavu ukawa mwepesi, na huo wepesi ulimuuma kuliko moto wa siku ile hekaluni, maana siku ile alitendewa na leo alitenda mwenyewe.

Walikaa hapo mpaka malori kadhaa yakapita. Kisha akanyoosha mkono bila kutazama, na Bualai akamwekea fulana ya Phon kiganjani.

"Phon," aliita. Akaiweka fulana ndani ya wavu akaanza upya. "Phon, mwana wa Bualai. Njoo nyumbani. Mimi niliyekuambia ukae, mimi ndiye ninayekuambia inuka. Hapa si kwako. Njoo ule."

Alichota mara moja tu.

Njia ya kurudi hawakugeuka nyuma wala hawakuitikia salamu za watu. Penye daraja Khampan alisema, "Phon, tunavuka daraja, tufuate." Penye njia panda ya hekalu akasema, "Tunakata kushoto, usipotee." Bualai alitembea nyuma yake akiitikia kwa niaba ya mwanawe, "Nafuata, nafuata," na sauti yake ilikuwa ikikatika.

Phon walimkuta uvunguni mwa nyumba yao, amekaa kwenye kitanda cha mianzi kama walivyomwacha. Alipomwona aliyeshika wavu alijivuta hadi ukingo wa pili wa kitanda. Khampan alisimama langoni. Desturi ni kwamba mchotaji huuliza akiwa nje, na mwenye roho lazima ajibu mwenyewe. Asipojibu, wavu hauingii uani.

"Roho ya Phon imefika?" aliuliza.

Phon aliutazama wavu tu.

"Roho ya Phon imefika?"

Bibi Hom alimfinya Bualai mkono. Khampan aliuliza mara ya tatu, na kijana akainua uso. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekaa macho mwaka mzima.

"Na ya Saeng?" alisema.

Bualai alitaka kumkemea, Khampan akamzuia kwa mkono.

"Ya Saeng imekwenda zake," alisema. "Tumeisindikiza, mimi na mama yako."

"Alisema kitu?"

Angeweza kumdanganya, na uongo wa namna hiyo hakuna ambaye angemlaumu. Angesema amekusalimu, amekusamehe. Lakini alimwona kijana anavyomtazama mdomo, akajua huyu akidanganywa leo ataishi na mashaka hayo mpaka kaburini.

"Waliokufa hawasemi, Phon. Nilichota, wavu ukawa mzito. Nikaufungua, ukawa mwepesi. Zaidi ya hapo sijui." Alivuta pumzi. "Umekuwa ukimlinda pale peke yako. Sasa hayupo tena pale. Hakuna wa kulinda. Nakuuliza mara ya mwisho, mkono unaniuma: imefika?"

Phon alishusha miguu chini.

"Imefika, Mama Saeng."

Basi Khampan akaingia. Aliuweka wavu juu ya magoti ya Phon, akamenya yai akalipasua na kumpa nusu, akakata uzi wa pamba. Phon alinyoosha mkono uleule uliovunjika, ambao mfupa wake uliunga umepinda kidogo.

Maneno ya kufungia uzi ni marefu. Yana baraka za ng'ombe na mpunga, za mali na za mke mwema, na Khampan aliyajua tangu akiwa msichana, kiasi cha kuyasema huku anawaza mchuzi. Alifungua kinywa na hakupata hata moja. Alizungusha uzi kwenye mkono wa kijana, akakaza fundo, kisha akakaa ameushika mkono ule kwa mikono yake miwili huku wote wakingoja.

"Uzeeke," alisema mwishowe.

Halafu akarudia, maana mara ya kwanza haikusikika vizuri.